Keshia akiiba, deni la benki liko pale pale

KILA inapotoka habari ya mtumishi wa benki kukomba akaunti ya mzee, iwe hapa Uingereza au nyumbani Afrika Mashariki, vichwa vya habari ni vile vile: mfanyakazi wa benki aiba fedha za mteja. Sisi tunaanza kwa kulikataa neno moja tu katika sentensi hiyo, nalo ni "mteja". Aliyeibiwa ni benki. Mteja anadai.

Hizi si porojo za kijiweni. Mwaka 1848, katika kesi ya Foley dhidi ya Hill, Bunge la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliamua kwamba fedha ukishazipeleka benki zinakuwa mali ya benki, na wewe unabaki na dai lako. Benki si kabati la kukutunzia bahasha yako. Ni mdaiwa. Ndiyo maana inaweza kesho yake kuzikopesha kwa mtu mwingine bila kukuomba ruhusa, ikatia faida mfukoni, na wewe huna la kusema. Sheria hiyo imewanufaisha wenye mabenki kwa zaidi ya miaka 170 na hatujawahi kuwasikia wakiilalamikia.

Sasa twende kwa Mangi wa mtaani. Mangi anadaiwa na wewe shilingi laki moja. Kijana wake wa dukani anachota laki moja kwenye droo, anaandika kwenye daftari kwamba wewe umeshalipwa, anatokomea. Ukienda kudai, Mangi anakufungulia daftari: "Mbona imeandikwa umechukua?" Nani kati yetu angeinama na kuondoka? Ungemwambia kijana ni wako, droo ni yako, daftari ni lako, mimi nipe changu. Lakini mzee wa miaka 78 anapoambiwa maneno hayo hayo na mtu aliyevaa tai, kwenye karatasi yenye nembo, anarudi nyumbani kulia.

Tunaandika haya tukiwa Birmingham, mji ambao si mgeni katika mambo ya fedha. Lloyds ilizaliwa hapa mwaka 1765, John Taylor mtengeneza vifungo alipoungana na Sampson Lloyd mfanyabiashara wa chuma. Midland nayo ilianzia hapa mwaka 1836, ikaja kumezwa na HSBC mwaka 1992, na tangu 2018 makao makuu ya HSBC UK yapo Centenary Square. Hatua chache kutoka hapo lipo jengo la iliyokuwa Benki ya Manispaa, iliyoanzishwa mwaka 1919 ili mfanyakazi wa kiwandani naye apate pa kuweka senti zake. Kwa hiyo hoja ya mnyonge na akiba yake katika mji huu ina umri mkubwa kuliko sisi tuliokuja juzi.

Na wazee wetu hapa ni wengi kuliko tunavyodhani. Wapo Wahindi wa Uganda waliopewa siku 90 na Idi Amin mwaka 1972. Aliyekuwa na miaka 30 wakati ule leo amevuka 80, na jikoni kwake bado anasema sufuria na mchicha. Wapo Wasomali waliopitia Mombasa na Nairobi, Wabarawa, Wazanzibari waliokimbia baada ya damu ya Januari 2001, Wakongo wa Kivu. Wengi wao walifanya kazi za usiku, za kusafisha maofisi na kuendesha mabasi, na walichoweka wamekiweka kwa hesabu ya kununua kiwanja, kwenda Hija au kusafirishwa maiti kuzikwa kwao. Wengine wana Kiingereza cha kuulizia basi tu, si cha kusomea masharti ya akaunti.

Kwa mtu wa namna hiyo benki si taasisi. Benki ni mtu aliye dirishani. Akikutana na keshia wa kwao anayemwambia "Shikamoo mama," mambo yamekwisha. Atampanga foleni yeye tu, hata dirisha jingine likiwa tupu. Na mameneja wa matawi wanalijua hilo. Katika mitaa kama Sparkbrook, Small Heath na Handsworth, kijana anayezungumza lugha ya wateja ni mtaji. Analeta amana, analeta familia nzima, analeta msikiti na kanisa. Benki inaipenda hiyo shikamoo inapoingiza fedha. Hoja yetu ni kwamba haiwezi kuikana siku shikamoo hiyo hiyo inapozitoa.

Tena hali imezidi kuwa mbaya kwa kuwa matawi yanafungwa. Kwa hesabu ya shirika la watumiaji la Which?, zaidi ya matawi 6,000 yamefungwa Uingereza tangu Januari 2015. Mzee aliyezoea kitabu na muhuri anaambiwa apakue programu kwenye simu. Hajui. Nani wa kumsaidia? Yule yule kijana. "Nipe simu mama, nikuwekee." Anawekewa namba ya siri na mtu mwingine, na ndani ya dakika kumi anayezijua funguo za akaunti ni mtumishi wa benki na si mwenye akaunti.

Wizi wenyewe hauna uchawi wowote. Mtumishi hutafuta akaunti iliyotulia, yenye salio la kutosha na mwenye umri mkubwa, asiyeuliza. Hubadilisha anwani au namba ya simu ili barua na ujumbe zisimfikie mwenyewe. Huagiza kadi mpya. Au hufanya la kizamani kabisa: humsainisha mzee fomu mbili badala ya moja, ya pili ikajazwa baadaye. Kisha huchota kidogo kidogo, paundi 200 leo, 300 wiki ijayo, kiasi ambacho mashine hazipigi kelele. Akiwa na tamaa sana hukamatwa mapema. Akiwa na subira anaweza kuendelea miaka.

Tunamfahamu mama mmoja wa kwetu katika mji huu, hatutamtaja wala hatutaitaja benki yake, aliyekatwa kwa mtindo huo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Aliyegundua ni mjukuu aliyekuja kumsaidia kujaza fomu nyingine kabisa. Barua ya kwanza ya benki ilisema miamala yote ilifanywa kwa kadi halali na namba sahihi ya siri, hivyo kwa maoni yao mama aliiidhinisha. Barua hiyo ilikuwa na adabu zote. Ilimalizia kwa kumpa kijikaratasi cha ushauri wa kujikinga na matapeli! Miezi ikapita, familia ikang'ang'ania, benki ikarudisha fedha na kuongeza kidogo cha pole, bila kusema kama keshia wake alifanya au hakufanya. Mpaka leo mama anaamini kwamba alifanyiwa huruma.

Hakufanyiwa huruma hata kidogo. Kanuni za huduma za malipo za Uingereza za mwaka 2017 zinasema kama mteja hakuidhinisha muamala, benki inatakiwa kurudisha fedha haraka, si zaidi ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata, isipokuwa kama ina sababu za msingi za kumshuku mteja mwenyewe kwa udanganyifu na imeziarifu mamlaka. Na kanuni hizo hizo zinasema kwamba rekodi ya kadi na namba ya siri kutumika, peke yake, si lazima iwe ushahidi tosha kwamba mwenye akaunti aliidhinisha. Mzigo wa kuthibitisha ni wa benki. Barua za mtindo ule zinategemea jambo moja: kwamba mzee na watoto wake hawazijui kanuni.

Kuna wakati lakini hoja ya deni haitoshi. Ni pale mzee mwenyewe alipotia saini kwa kudanganywa, au alipomkabidhi mtumishi fedha mkononi akiamini anaziweka. Hapo benki husema, huyo alikuwa anafanya mambo yake binafsi, hatukumtuma kuiba. Jibu la hoja hiyo lilitoka mwaka 1912. Mjane mmoja, Bi Lloyd, aliyekuwa na vijumba viwili na fedha kidogo alizokopesha kwa rehani, alikwenda kwenye ofisi ya mawakili ya Grace, Smith huko Liverpool kuomba ushauri. Karani mkuu wa ofisi akamletea karatasi za kusaini. Kumbe zilikuwa za kumhamishia karani mwenyewe mali yote. Akaiuza, fedha akala. Mwenye ofisi akajitetea kwamba hakujua lolote na hakufaidika hata senti. Malodi wakamkatalia. Wakasema aliyemweka karani kwenye kiti kile, akawaambia watu "huyu ndiye mtamwona", ndiye atakayebeba hasara. Karne mbili kabla yao Jaji Mkuu Holt alishasema jambo karibu na hilo: kati ya watu wawili wasio na hatia, heri aumie aliyemwamini na kumwajiri tapeli kuliko mgeni aliyeingia tu mlangoni.

Wasomaji wetu wa Tanzania Bara walitazame hilo kwa makini. Sheria yao inayoeleza mipaka ya kazi za mahakama inapokea sheria za kawaida za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu ya Bi Lloyd ni ya miaka minane kabla. Kwa mantiki hiyo, wakili wa benki Dar es Salaam akisimama kusema mwajiri hahusiki kwa sababu mtumishi aliiba kwa tumbo lake mwenyewe, anasimama upande wa hoja iliyoshindwa Waingereza wakiwa ndio kwanza hawajafika Tanganyika.

Tusidanganyane lakini kwamba mlango uko wazi moja kwa moja. Mwaka 2001 Malodi waliweka kipimo cha ukaribu kati ya kosa na kazi aliyopewa mtumishi, na tarehe 1 Aprili 2020 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu mbili kwa siku moja zilizowapa waajiri nafuu. Katika ya kwanza, maduka ya Morrisons yalinusurika baada ya mtumishi mwenye kinyongo kumwaga taarifa za mishahara za wenzake karibu 100,000. Mahakama ilisema alikuwa analipiza kisasi chake. Katika ya pili, Barclays ilinusurika katika madai dhidi ya daktari aliyewadhalilisha waombaji kazi aliokuwa akiwapima kwa niaba ya benki, kwa sababu daktari huyo alikuwa mtu wa kujitegemea na si mwajiriwa. Wanasheria wa mabenki wamezisoma hizo mpaka zimechakaa.

Kwetu sisi hukumu hizo hazimwokoi mwajiri wa keshia mwizi. Kisasi ni kitu kimoja. Kutumia dirisha, kompyuta na sare ya benki kuchukua fedha ambazo kazi yako ni kuzihesabu ni kitu kingine. Penye utata ni yule mtumishi anayemtembelea mzee nyumbani siku ya Jumapili na kuondoka na bahasha. Maoni yetu: kama alijua kuna bahasha kwa sababu aliliona salio kazini, na mzee alimfungulia mlango kwa sababu ni "yule mtoto wa benki", basi benki ijibu. Tunakubali hakimu mwingine anaweza kuona tofauti.

Ile ya daktari ndiyo inayotutia hofu kwa upande wa nyumbani, kwa sababu huko dirisha la benki limehamia kibandani. Wakala si mwajiriwa. Mzee wa kijijini anatoa pensheni yake kwa wakala, na namba ya siri anaitaja kwa sauti kwa kuwa macho hayaoni. Kenya, ilipotoa mwongozo wa uwakala wa benki mwaka 2010, iliiwekea benki dhamana ya matendo ya wakala katika huduma hiyo. Tanzania ikatoa wa kwake mwaka 2013. Swali ni wangapi wamewahi kumwona mzee aliyelipwa kwa kutumia vifungu hivyo.

Kuna jambo jingine linalotushangaza hapa Uingereza. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Philipp dhidi ya Barclays, ilikataa kuibana benki kwa msingi wa wajibu wake wa uangalifu baada ya mke na mume kutapeliwa paundi 700,000 na watu wa nje, kwa kuwa wenyewe ndio waliotoa amri ya kuzituma. Kelele zikapigwa, na tangu tarehe 7 Oktoba 2024 mabenki yanalazimika kuwarudishia waliotapeliwa kwa njia hiyo, hadi paundi 85,000, hasara ikigawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Ni hatua nzuri. Lakini tazama kichekesho chake: mzee akilaghaiwa na mtu asiyemjua kwenye simu, utaratibu upo na siku zinahesabiwa. Akiibiwa na mtu aliyeajiriwa, kufundishwa na kulipwa mshahara na benki yenyewe, familia inaambiwa "uchunguzi wa ndani unaendelea".

Mabenki hayakosi utetezi. Husema hayawezi kuwa bima ya kila mwizi, na kwamba gharama itarudi kwa wateja wengine. Hoja ya kwanza ina ucheshi, kwa sababu bima ya uaminifu wa watumishi ipo, mabenki duniani kote huinunua, na imetengenezwa kwa ajili hii hasa. Bibi wa Handsworth hawezi kununua bima dhidi ya keshia wake. Na nani mwenye uwezo wa kuuzuia wizi? Ni benki inayoweza kuamuru saini mbili kwa kila badiliko la anwani la mteja mzee. Ni benki inayoweza kumlazimisha mtumishi kwenda likizo ya wiki mbili mfululizo, utaratibu wa zamani ambao umewaumbua wengi, kwa kuwa daftari la uongo halikai sawa mwenyewe akiwa hayupo. Ni benki inayoona kwenye kompyuta zake nani amefungua akaunti ya nani mara ngapi bila mteja kuwepo. Mzee haoni chochote. Hasara ikibaki kwake, mwenye kamera na daftari atakuwa na haja gani ya kuhangaika?

Tunaloliogopa zaidi ni benki kujibu kwa kuwabana wazee: kuwakatalia kutoa fedha nyingi, kuwahoji kama watoto, kuwadai waje na mtu. Tumeshayaona. Mzee ana haki ya kumpa ndugu yake fedha zote akitaka. Ulinzi uwekwe upande wa ndani wa dirisha.

Nyumbani ugonjwa una dalili zake. La kwanza ni kuambiwa "tusubiri polisi wamalize". Jinai ni kati ya Jamhuri na mwizi. Deni ni kati ya benki na mteja, na halina sababu ya kusubiri kesi ahirisho baada ya ahirisho mpaka mzee afe na madai yageuke mirathi. La pili ni ukimya wa vyombo vya habari. Sisi tuliofanya kazi hiyo huko tunajua habari za namna hii zinavyokufa: benki ndiyo inayonunua ukurasa mzima wa rangi, na mhariri anaukumbuka mshahara wa mwezi. Mtumishi hufukuzwa kimya kimya, mwezi wa tatu yuko dirishani kwa jirani. Shilingi bilioni 133 zilipochotwa Benki Kuu kupitia akaunti ya EPA mwaka wa fedha 2005/06, taifa zima lilijua, tume ikaundwa. Milioni nne za mwalimu mstaafu, kiinua mgongo cha maisha yake, hazina tume. Ni vijisenti.

Kwa walio hapa, njia ipo na haihitaji wakili. Lalamiko liandikwe, lisisemwe tu dirishani. Kwa mambo ya malipo benki ina siku 15 za kazi kujibu, na 35 ikiwa kuna sababu maalumu. Kwa malalamiko mengine wiki nane. Jibu lisiporidhisha, au lisipokuja, peleka kwa Financial Ombudsman Service, bure, ndani ya miezi sita tangu jibu la mwisho la benki. Muamala ambao hukuuidhinisha utolewe taarifa mapema uwezekanavyo na kabla ya miezi 13. Mzee anayeanza kusahau aandikiwe hati ya uwakilishi akiwa bado na akili timamu; ofisi inayozisajili, Office of the Public Guardian, iko hapa hapa Birmingham, na itazipokea pia tuhuma dhidi ya mtoto anayeitumia vibaya hati hiyo, maana nao wapo.

Na barua ya kwanza isianze na "tunaomba msaada wenu". Iandike tarehe, kiasi, namba ya muamala, kisha neno moja ambalo benki inalielewa vizuri kwa kuwa hutuandikia sisi kila mwezi: tunawadai.